Habari Iliyochelewa Njiani: Mashambulio ya Pearl Harbor, 1941

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Huenda wengine wenu mkauliza sababu ya sisi kusimama jioni hii kusimulia habari za bandari ya Pearl Harbor, iliyo katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Twajibu kwamba haikuwa mbali nasi kama idhaniwavyo. Katika zile manowari 6 zichukuazo ndege zilizoipiga bandari hiyo mwezi wa Desemba 1941, 5 zilifika kuupiga mji wa Colombo mwezi wa Aprili 1942. Ndipo makao ya manowari za Waingereza katika bahari yetu yakahamishwa kutoka Ceylon hadi Kilindini, Mombasa.

Chanzo cha mambo kilikuwa mafuta. Wajapani walikuwa wakipigana na Wachina tangu mwaka wa 1937, na nchi yao haina mafuta ya kutosha. Yapata sehemu nne katika tano walizihitaji kutoka Marekani. Mwezi wa Julai 1941 walipoingiza askari kusini mwa Indochina, nchi iliyokuwa chini ya Ufaransa, Marekani ilizuia mali zao, na mafuta yakakatika. Basi zikabaki njia mbili: kutoka China kwa aibu, au kuyatwaa kwa nguvu mafuta ya visiwa vilivyotawaliwa na Waholanzi. Wakachagua ya pili. Lakini ubavuni mwa njia hiyo zilikuwako manowari za Marekani, zilizowekwa Pearl Harbor tangu mwaka wa 1940.

Aliyetoa shauri la kuzipiga kwanza ni Amirali Yamamoto. Yeye alikuwa amekaa Marekani, akasoma huko, akajua nguvu za viwanda vyake. Hakuitamani vita hii, walakini alipoamriwa aliiandalia kwa bidii. Tena alikuwa na mfano mbele yake: mwezi wa Novemba 1940 ndege 21 za Waingereza, za namna ya kizamani, ziliingia usiku bandarini Taranto, Italia, zikazipiga manowari kubwa 3. Shida ya Pearl Harbor ni uchache wa maji, kina chake kama mita 12 tu, na topido litupwalo na ndege huzama sana kabla ya kushika mwendo wake. Wajapani wakayavika matopido yao mapezi ya mbao, yasizame mno. Tarehe 26 Novemba 1941 wakang'oa nanga, wakapita kaskazini ambako meli ni chache, na simu zao za upepo zikiwa kimya.

Hapa tunataka kukaa kidogo, maana ni mambo ya kazi yetu. Serikali ya Tokyo ilimpelekea balozi wake mjini Washington waraka wa mafungu 14, aukabidhi saa saba mchana siku ya Jumapili, tarehe 7 Desemba. Kwa ajili ya siri, mpiga taipu wa kawaida alikatazwa asiuguse. Akaketi kwenye mashini ofisa mmoja wa cheo, ambaye ujuzi wake wa kazi hiyo ulikuwa mdogo. Akipiga, akikosea, akianza tena. Waraka ulikabidhiwa saa nane na dakika ishirini, na mabomu yamekwisha kuanguka kwa karibu saa nzima. Twasema bila kuona haya kwamba karani mmoja aliyeizoea mashini angaliumaliza mapema. Hata hivyo waraka wenyewe haukutangaza vita, ulivunja mazungumzo tu. Na Wamarekani, waliokuwa wamegundua namna ya kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani, walikuwa wamekwisha kuusoma.

Huko Hawaii alfajiri ile, kabla ya saa moja, manowari Ward ilizamisha chombo kidogo cha Kijapani cha chini ya maji mlangoni mwa bandari. Habari ilipelekwa, nayo ikakawia katika kupitishwa juu. Saa moja na dakika mbili askari wawili wa cheo cha chini, waliokuwa wakilinda mtambo wa rada, waliona kundi kubwa la ndege likija kutoka kaskazini. Wakapiga simu. Ofisa aliyewajibu, mgeni katika kazi hiyo, alidhani ni ndege za Marekani zilizotazamiwa kufika asubuhi ile, akawaambia wasijali.

Saa mbili kasoro dakika tano mabomu yakaanza. Ndege zipatazo 350 zilikuja kwa mikupuo miwili. Jenerali Short, kwa kuwahofia wahujumu wa ndani, alikuwa ameamuru ndege zipangwe pamoja uwanjani zipate kulindwa kwa urahisi, zikateketea zilivyopangwa. Manowari kubwa zote 8 zilipigwa, 4 zikazama. Ghala ya baruti ya Arizona ililipuka, wakafa watu 1,177 katika chombo hicho kimoja. Jumla ya Wamarekani waliokufa ni 2,403. Wajapani walipoteza ndege 29. Lakini matangi ya mafuta na karakana hawakuyagusa, na manowari za Marekani zichukuazo ndege hazikuwapo bandarini.

Wakati ule mtu mweusi katika manowari za Marekani hakupewa kazi ila ya kuandalia maofisa chakula na kufua nguo zao. Mmoja wa watumishi hao, Doris Miller wa manowari West Virginia, alibeba majeruhi, kisha akashika bunduki ya mtombo ambayo hakufundishwa kamwe, akazipiga ndege. Mwaka wa 1942 Amirali Nimitz alimvika nishani kifuani. Alifia baharini mwaka wa 1943.

Amirali Kimmel na Jenerali Short waliondolewa katika vyeo vyao mwezi ule ule, na ubishi juu ya hatia yao haukwisha. Sisi twaitazama zaidi simu moja. Asubuhi ile Jenerali Marshall, mjini Washington, aliandika onyo la kupelekwa Hawaii. Aliogopa kuongea kwa simu ya mdomo, isije ikasikilizwa. Na simu ya upepo ya jeshi haikupata njia. Onyo likapelekwa kwa kampuni ya simu za biashara, likafika Honolulu saa moja u nusu na dakika tatu. Juu ya bahasha hapakuwa na alama yo yote ya haraka. Tarishi, kijana wa asili ya Kijapani, aliitia pamoja na nyingine, akapanda pikipiki, akasimamishwa njiani na walinzi huku mabomu yakilia. Aliifikisha afisini kwa jeshi karibu na adhuhuri. Ilipokwisha kufumbuliwa ikapewa Jenerali Short, yapata saa tisa alasiri, na Arizona ingali ikiwaka moto.