Makanisa ya Garissa: kazi ya kaunti au ya Nairobi?

Nimeombwa niongee juu ya swali linalorudi kila msimu wa siasa hapa Kaskazini Mashariki: haya makanisa machache tuliyo nayo, nani anawajibika? Mmoja anapanda jukwaani anasema kaunti imeyatelekeza. Mwenzake anajibu kwamba kaunti ya Waislamu haiwezi kutia mkono kanisani. Wote wanapigiwa makofi. Katiba haijafunguliwa.

Tuanze na ulinzi, maana hapo ndipo roho za watu zilipo. Tarehe 1 Julai 2012 kanisa la AIC na kanisa kuu la Katoliki hapa Garissa yalishambuliwa asubuhi moja. Watu wasiopungua 15 waliuawa, wakiwemo polisi waliokuwa lindoni. Viongozi wa Kiislamu wakasema vijana wao watasaidia kuyalinda. Kwa hivyo mgombea akitaka kura za walimu na wauguzi waliotoka bara, anaahidi ulinzi. Sasa, Jedwali la Nne la Katiba linasema polisi ni wa serikali ya taifa. Gavana hawaamuru. Wale askari wa kaunti mnaowaona sokoni na rungu ni kitu kingine kabisa, jamani.

Kuna hili la urithi. Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 haidai jengo liwe la kale. La umri wowote linaweza kutangazwa kumbukumbu ya taifa, lakini anayetangaza ni waziri, kwenye Gazeti Rasmi. Bunge la kaunti haliwezi.

Na yule wa "kaunti ya Waislamu"? Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya serikali. Hakisemi serikali isitunze jengo. Makavazi ya Taifa yanatunza magofu ya msikiti mkuu wa Gede, yanatunza pia kanisa dogo la Wareno pale Malindi. Hakuna aliyesilimishwa wala kubatizwa kwa sababu hiyo.

Basi kaunti imebaki na nini? Imebaki na mengi, tena ya kila siku, ila hayapigiwi makofi. Mipango ya mji na upimaji wa ardhi ni wake. Barabara za kaunti na taa zake ni zake, na waumini wanaotoka ibada ya jioni wanajua giza ni nini. Halafu ardhi. Nje ya mji, sehemu kubwa ni ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa, na Kifungu cha 63 kinaiweka mikononi mwa kaunti kwa niaba ya wenyeji. Kanisa au msikiti uliojengwa hapo bila karatasi unategemea huruma ya atakayekaa ofisini. Mimi naona hilo ni zito kuliko hotuba zote za ulinzi, maana jengo lisilo na hati halihitaji adui. Barabara mpya inatosha kuliondoa.

Kuna jambo moja ambalo sijasikia likiulizwa kwenye mdahalo: makaburi. Jedwali lile lile linayapa kaunti, chini ya afya. Mkristo akifa hapa na familia haina nauli ya kumsafirisha bara, atazikwa wapi? Mgombea wa kaunti akija kwenu, muulizeni hilo, na mumngoje ajibu.