Gia otomatiki bila kipoza oili ni kazi nusu

Juma hili nazungumza na wenzetu wanaoyaenzi magari ya zamani. Wapo wazee wasiotaka kuachana na Peugeot 504 zao, gari lililotoka mwaka 1968 na kushinda mbio za Safari mwaka 1975 na 1978. Lakini goti halikubali tena kukanyaga klachi kwenye foleni. Basi fundi anaitoa giaboksi ya zamani, anafunga otomatiki iliyotumika, na mzee anaendesha tena. Hilo ni jambo jema, nami naliunga mkono.

Ninachokipinga ni hesabu ya mwisho wa kazi. Fedha zimekwisha, na kinachoachwa ni kipoza oili. "Tutakifunga baadaye," mzee anaambiwa.

Tujiulize: joto linatoka wapi? Katika otomatiki, nguvu ya injini hupitia kwenye oili ndani ya tokikonveta. Upande mmoja huisukuma oili, nayo ikausukuma upande wa pili. Pande hizo zikitofautiana mwendo, nguvu inayopotea hugeuka joto. Ndiyo maana gari linalopanda Kitonga polepole nyuma ya malori huichosha oili kuliko linalokwenda mbio kwenye tambarare. Oili hiyo hufanya kazi vizuri ikiwa na nyuzi 80 hadi 95 hivi. Ikikaa juu ya 120 huharibika haraka: wekundu wake hugeuka kahawia, sili hukakamaa, sahani za ndani huteleza, na kule kuteleza huzaa joto jingine.

Otomatiki nyingi za kiwandani hupoza oili ndani ya tangi la rejeta. Rejeta ya gari la klachi haina sehemu hiyo. Kwa hiyo njia ni tatu.

Ya kwanza ni kutafuta rejeta yenye kipoza ndani yake. Maji hupokea joto upesi kuliko hewa, hata gari likiwa limesimama. Ila oili haiwezi kupoa chini ya joto la maji yenyewe, na rejeta chakavu huongezewa mzigo. Tena kipoza hicho kikitoboka, maji na oili huchanganyika vikafanana na chai ya maziwa, na giaboksi huharibika.

Ya pili ni kipoza cha hewa mbele ya rejeta. Hakichanganyi maji na oili, na chaweza kushusha joto zaidi. Lakini bila upepo hakifanyi kazi. Kikikaa pasipofikiwa na feni ya injini, kipewe feni yake.

Ya tatu ni kutumia vyote viwili: oili ianzie kwenye rejeta, ipite kwenye kipoza cha hewa, ndipo irudi kwenye giaboksi. Kwa mwenye kupanda milima au kuvuta tela, mimi nachagua hiyo. Kwa mzee wa mizunguko ya mjini ambaye rejeta hiyo haipatikani, kipoza kizuri cha hewa chenye feni kinatosha.

Mambo madogo nayo yasidharauliwe. Mpira uwe wa kuhimili oili ya moto, usiwe wa petroli, na upite mbali na bomba la moshi. Kipoza kilichotumika kisafishwe ndani, kwani chembe za chuma za giaboksi iliyokufa zitaiua na hii. Oili ipimwe upya baada ya kufunga, maana kipoza nacho hubeba sehemu yake. Na geji ya joto ifungwe, dereva ajionee mwenyewe.

Mafundi wetu wana akili na mikono. Lakini fundi mwaminifu humweleza mteja gharama ya kipoza siku ya kwanza, kabla spana haijashikwa. Mzee aliyetumia kiinua mgongo chake asije akalala barabarani kwa sababu ya kifaa ambacho bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na giaboksi. Rahisi huwa ghali.