Leseni ya Kuvua kwa Ndoano: Inaruhusu Nini?

Mazungumzo kwa wakazi wa Kaaga



Mto Kathita unateremka kutoka Mlima Kenya, unapita mjini Meru na kuendelea hadi Tana. Anayekaa karibu nao huuliza swali la haki kabisa: samaki ni wa Mungu, karatasi ni ya nini?

Swali hilo lina historia. Trauti, samaki wa maji baridi anayependwa na wavuvi wa mlimani, hakuwa wa mito yetu. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, na kuwatia katika mto Gura kule Aberdare. Baadaye walipandwa pia katika maji ya Mlima Kenya. Walowezi walivua kwa kujiburudisha, na wazee wengi wa Kimeru hawakuwa na desturi ya kula samaki. Ndiyo maana hadi leo wapo wanaoiona leseni kuwa karatasi ya mzungu. Sivyo. Chini ya Katiba ya 2010 mito ni mali ya umma, na uvuvi umetajwa katika kazi za kaunti. Kijana wa Kaaga ana haki ya kuomba leseni hiyo sawasawa na mgeni aliyekuja na fimbo ya bei ghali.

Pa kuanzia ni ofisi ya uvuvi ya kaunti mjini Meru. Mwombaji aende na kitambulisho, au pasipoti kama ni mgeni, aseme anataka kuvua maji gani na kwa muda gani. Kabla ya kuondoka, asome jina na tarehe ya mwisho. Leseni ni ya mtu mmoja: haiazimwi kwa ndugu wala haitumiki na rafiki. Malipo yote yana risiti ya serikali. Anayepokea pesa taslimu kando ya barabara na kuahidi “kupanga mambo” anauza hewa, na aliyempa pesa ndiye atakayebaki akijieleza mtoni.

Linalowakwaza wengi zaidi ni hili. Leseni ya kuvua si ruhusa ya kuingia mlimani. Anayekwenda Ziwa Rutundu au Ziwa Alice, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, ataingia maeneo yanayosimamiwa na Shirika la Wanyamapori na Shirika la Misitu, nayo yana ada zake. Risiti ya langoni nayo haimruhusu mtu kutupa ndoano. Ni karatasi mbili, za ofisi mbili, na zote hubebwa. Vilevile leseni haimpi mtu njia ya kukanyaga shamba la jirani. Hodi hupigwa kwanza.

Katika maji ya trauti, kinachotumika ni fimbo, mshipi na nzi bandia, si wavu. Masharti mengine huelezwa leseni inapotolewa, na ni vyema kumuuliza afisa hapo hapo. Mwenye bwawa lake nyumbani hahusiki na leseni hii. Huyo ni mfugaji wa samaki, ana utaratibu wake.

Kuhusu sumu hakuna leseni kabisa. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 inakataza kuvua kwa sumu, baruti au umeme. Anayemwaga dawa ya shambani mtoni ili samaki waelee hawezi kuchagua wakubwa na kuacha wadogo, na maji hayo hayo huko chini yananyweshwa ng'ombe na kutekwa kwa mitungi. Ukiona jambo hilo, mwambie chifu au afisa wa uvuvi siku hiyo hiyo, maana ushahidi huondoka na maji.

Neno kwa vijana wanaowaongoza wageni mlimani: leseni ya mgeni haimfuniki mwongozaji. Akikukabidhi fimbo “ujaribu kidogo”, nawe uwe na leseni yako mfukoni.