Kipimo cha Uzuri na Nafsi ya Binti: Mada kwa Wazazi na Walimu wa Kisangani



Katika miaka yangu ya ualimu mjini hapa nimesahihisha madaftari yasiyo na idadi, lakini ipo karatasi moja isiyonitoka moyoni, nayo ni picha aliyoichora mwanafunzi wa kike wa miaka tisa siku nilipowaagiza watoto wachore mama zao. Kikwembe cha yule mama kilipakwa rangi kwa uangalifu wa ajabu, maua yake mekundu na ya kijani yakikamilishwa moja baada ya moja, na kitambaa cha kichwani hali kadhalika. Lakini uso, shingo na mikono viliachwa vitupu, vyeupe kama karatasi ilivyotoka dukani. Nilipomwuliza kwa nini hakuimaliza kazi yake, alinijibu kwa sauti ya chini: "Mama yangu ni mzuri, mwalimu, nikimpaka nyeusi nitamharibu."

Mtoto yule hajapata kutukanwa na mzungu hata mara moja. Somo lake alilipata kwa watu wampendao: kwa shangazi aingiaye uani akambeba mdogo mtu aliye maji ya kunde na kumwita bibi harusi, kisha akamgeukia mkubwa na kumwambia kwa kicheko kuwa amekuwa mweusi kama chungu, na kwa msusi amvutaye kichwa huku akiziapiza nywele zake za kipilipili kana kwamba ni dhambi aliyozaliwa nayo. Hoja yangu kwenu ni kwamba dharau iliyofika kwetu kwa nguvu za dola sasa haihitaji dola, maadamu imepata makao katika ndimi zetu, na sisi tunaihamishia kwa mabinti zetu kwa jina la sifa na utani.

Nasaba ya dharau hiyo ni ndefu, nami singependa kumtwisha Mbelgiji mzigo wote. Mvumbuzi Stanley alijenga kituo chake katika maporomoko ya mto wetu mwaka 1883, na mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip, akafanywa wali wa hapa. Pamoja naye na watu wake ilikuja lugha hii ninayosema nanyi, ambayo naipenda kuliko mali yoyote niliyorithi. Lakini iliandamana na biashara ya watumwa, na ikaja na mizani yake, muungwana upande mmoja na mshenzi upande wa pili, nywele za singa zikisifiwa na za kipilipili zikifanyiwa mzaha. Wabelgiji walipoushinda utawala ule, mizani hawakuivunja; waliirithi, wakaiongezea uzito, wakaiandika katika sheria na katika ramani ya mji, hata mtaa wa wazungu ukawa mbali na mitaa ya wenyeji. Mwafrika aliyetaka kuhesabiwa mstaarabu, kwa kadi ya sifa za kiraia iliyoanzishwa mwaka 1948 au kwa uandikishaji wa kisheria wa mwaka 1952, ilimpasa athibitishe jinsi alivyolikaribia umbo la maisha ya mtawala, na wakaguzi waliingia hadi nyumbani kwake kutazama namna familia yake inavyoishi.

Lakini jambo linalodhihirisha kuliko yote madhara ya mizani ile kwa nafsi ya mtoto wa kike ni habari ya machotara wa koloni ya Wabelgiji hapa Kongo. Mtoto aliyezaliwa na mama Mwafrika na baba mzungu alihesabiwa kuwa hatari kwa utaratibu wa rangi, kwani alikuwa ushahidi hai kwamba mpaka ule uliodaiwa kuwa wa maumbile uliwekwa na wanadamu tu. Kwa hiyo serikali iliwatafuta watoto hao, ikawanyang'anya kwa mama zao, ikawatia katika nyumba za misheni. Mabibi watano, Léa Tavares Mujinga, Monique Bitu Bingi, Noëlle Verbeeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi, walichukuliwa hivyo kabla hawajatimiza miaka saba, wakalelewa Katende katika Kasai. Hebu tafakarini binti wa miaka minne anajifunza nini anapoondolewa mikononi mwa mama yake, ambaye kosa lake pekee ni ngozi yake. Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba radhi mwaka 2019. Na tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels ilihukumu kwamba kitendo kile kilikuwa jinai dhidi ya ubinadamu, ikaiamuru dola ya Ubelgiji kumlipa kila mmoja wao fidia ya euro 50,000. Walikuwa wamekwisha kuwa vikongwe. Mimi nasoma katika hukumu ile kwamba jeraha la utotoni halifungwi na wakati, kwa kuwa mwanamke wa miaka zaidi ya sabini bado alikuwa na haja ya kusikia jaji akisema kwamba hakustahili kutendewa vile.

Wala si Kongo peke yake. Huko Marekani, wataalamu wawili weusi, mume na mke, Kenneth na Mamie Clark, waliwapa watoto wa miaka mitatu hadi saba wanasesere wasiotofautiana ila kwa rangi, na watoto weusi walio wengi wakamchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Ithibati yao ilifika mbele ya Mahakama Kuu ya nchi ile, iliyoharamisha utengano wa rangi mashuleni mwaka 1954. Niliposoma habari hizo nilikumbuka uso ule usiopakwa rangi.

Binti aliyefunzwa hivyo akiisha kubaleghe, biashara humngoja. Mafuta ya kung'arisha ngozi, na michanganyiko ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita mkorogo, huuzwa hadharani, na mengine yana zebaki, ambayo hudhuru figo, au haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta mabaka meusi papo hapo palipokusudiwa weupe. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza nchini na kuuza nje mafuta yenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni. Sheria ni njema, lakini hukamata kopo, haimkamati shangazi.

Basi tumjibu nini mtoto? Wengi husema tumwambie kuwa weusi ni uzuri, nami sipingi, ila naona jibu hilo halitoshi, kwa sababu bado linamwacha binti mbele ya kioo akisubiri hukumu. Hata yule mdogo aliyeitwa bibi harusi amedhulumiwa, kwani anakua akidhani hana amana nyingine isipokuwa ngozi yake. Ninamtazama Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya kimaskini, mfinyanzi na mchuuzi wa vyungu, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kuimba katika sahani za santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Mahasidi walimtungia wimbo wa kumkejeli kwa unyonge wake na nguo yake ya kaniki. Hakujibu kwa kudai kwamba yeye ni mzuri. Alijibu kwamba sura si hoja, na kwamba mtu hupimwa kwa mengine. Alikikataa kipimo chenyewe, na mwandishi Shaaban Robert akaona maisha yake yanastahili kitabu. Mabinti zetu wafundishwe habari zake shuleni, tena wangali wadogo.

Mwalimu asiruhusu darasani utani wa rangi wala wa nywele, hata akicheka mwenye kutaniwa, kwa maana mtoto hucheka ili asilie. Nanyi wazazi, mtakaporejea jioni ya leo Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo, ama mtakapovuka mto kwenda Lubunga, nawaombeni msimsifu binti mmoja kwa weupe wake mbele ya mwenziwe. Na mgeni atakayefanya hivyo uani mwenu, awe shangazi au bibi, mkatazeni kwa heshima, watoto wakisikia.