Gari Litabaki Shimoni: Tupange Safari ya Wasini Mapema

Haya ni mazungumzo ya ofisa wa maendeleo ya jamii na wanachama wa vikundi vya akiba vya mtaa wa Woodley. Tumeyachapisha kwa ombi la waliohudhuria.

Ahsanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi, na wengine wenu kufunga vibanda pale Toi, ili tuzungumze.

Mmeniambia kwamba mwaka huu hamtaki kugawana akiba yote mwisho wa mwaka. Mnataka sehemu yake iwapeleke watoto baharini. Nimefurahi. Watoto wengi wa hapa wanaijua bahari kwa televisheni tu. Na kisiwa mlichochagua, Wasini, kule Kwale, ni chaguo zuri.

Lakini kuna jambo nianze nalo. Vijana wamependekeza tukodi yale magari yenye vitanda na jiko ndani, tuyaendeshe mpaka kisiwani, tuegeshe ufuoni na kulala humo. Wazo ni tamu, ila halitawezekana. Wasini haina daraja wala feri ya magari, na kisiwani hakuna magari. Urefu wake ni kama kilomita 5, ardhi yake ni mawe ya matumbawe, na watu hutembea kwa miguu. Gari lolote mtakalokwenda nalo litabaki Shimoni, ng'ambo ya mkondo wa bahari. Kwa hiyo kodini gari la kuwafikisha, si la kulala. Malazi yapo katika nyumba za wageni, Shimoni na Wasini kwenyewe, na pesa hizo zitabaki kwa wenyeji.

Sasa njia. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480. Kutoka Mombasa hadi Shimoni ni kilomita zingine zaidi ya 70 kuelekea Lunga Lunga. Mkienda kwa basi la kukodi, ondokeni alfajiri, msisafiri usiku. Hakikisheni gari lina kidhibiti mwendo kinachofanya kazi, kwa sababu gari la abiria halifai kupita kilomita 80 kwa saa. Liwe na mikanda kwenye viti vyote, na dereva wa pili. Mkipenda treni, itawafikisha Miritini kwa saa 5 au 6, kisha mtakodi matatu hapo. Tiketi za likizo huisha haraka, na kila msafiri huandikishwa kwa kitambulisho chake, basi msingoje wiki ya mwisho.

Kuhusu wakati: shule hufungwa Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Aprili ni mvua za masika. Agosti bado upepo ni kusi, na bahari huweza kuchafuka. Kuanzia Desemba huvuma kaskazi, na bahari kwa kawaida hutulia. Ubaya wa Desemba ni bei, kwa kuwa kila mtu anakwenda Pwani. Ushauri wangu ni mwanzo wa likizo hiyo, kabla ya shamrashamra za Krismasi.

Pesa. Anayeweka shilingi 200 kila wiki kwa wiki 40 atakuwa na shilingi 8,000. Ziwekwe kwenye akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu. Zisikae kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu namna gani. Akija wakala na picha nzuri na bei ya chini, mwombeni leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Asipokuwa nayo, mshukuruni na mfunge mlango. Pesa za watoto hazirudi zikishapotea.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuzungumza leo.

Miaka kadhaa iliyopita nilisafiri Pwani na kikundi cha watu 24, tisa wakiwa watoto. Sitataja ni wapi. Tulifika kwenye gati tumechelewa, watu wamechoka, na boti ilikuwa tayari. Nilihesabu jaketi za kuokolea maisha, nikapata 15, na zote zilikuwa za watu wazima. Mwenye boti akasema ni mwendo mfupi tu. Wenzangu nao wakaniambia, "Wewe, acha kutuchelewesha." Niliona haya, lakini nilikataa. Tulingoja zaidi ya saa moja, zikaletwa jaketi nyingine, zikiwemo za watoto, kisha tukavuka kwa safari mbili. Hakuna lililotokea siku ile. Na mimi hufurahi kwamba sina hadithi nyingine ya kuwasimulia.

Wanaokumbuka Aprili 29, 1994, wanajua feri ya Mtongwe ilivyozama karibu kabisa na nchi kavu, na watu 272 wakafa. Mwendo mfupi hauokoi mtu. Kwa hiyo mteueni mtu mmoja sasa hivi, kabla hata ya kuanza kuweka akiba. Kazi yake iwe moja: kuhesabu watu na jaketi, na kusema hapana. Akisema hapana, asibishiwe na mtu. Jaketi ya mtoto imtoshe mtoto, kwa maana ile kubwa humponyoka majini. Nahodha akisema bahari imechafuka, msimwongezee pesa ili abadili mawazo.

Mkifika, mtaona mengi. Shimoni imepewa jina lake na mapango yaliyo pale, ambayo wenyeji husimulia kuwa watumwa walifungiwa humo kabla ya kusafirishwa. Wapelekeni watoto, wawasikilize wenyeji. Wasini kuna bustani ya matumbawe ya kale na mikoko, yenye njia ya mbao inayosimamiwa na kikundi cha kina mama. Kina mama wa Woodley, ongeeni nao. Wao pia walianza kama ninyi. Karibu na hapo kuna hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, chini ya Shirika la Huduma za Wanyamapori, na mkibahatika mtawaona pomboo. Ada hulipwa kwa mtandao, si kwa pesa taslimu. Msikanyage matumbawe wala kuyavunja. Ni viumbe hai.

Kumbukeni pia kwamba mnaingia mji wa watu. Wenyeji ni Waislamu. Vaeni mavazi ya heshima kijijini, msibebe pombe, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Watoto wafundishwe kusema shikamoo, na kusema "naomba" badala ya "nipe", kwa sababu Kiswahili chetu cha Nairobi husikika kikali kule. Tangu jadi maji baridi yamekuwa adimu kisiwani, na watu wamekuwa wakikinga ya mvua. Hata hapa Woodley tunajua mifereji ikikauka inakuwaje. Basi ogeni kwa kiasi.

Chupa za plastiki za kutupwa zimepigwa marufuku katika hifadhi na fuo za kitaifa tangu Juni 5, 2020. Bebeni chupa za kudumu, na taka mrudi nazo. Wenye presha na sukari wabebe dawa za siku za ziada. Pwani kuna malaria, na watoto wa Nairobi hawajaizoea, basi laleni ndani ya neti. Mtoto akipata homa baada ya kurudi, hata ikiwa ni wiki mbili baadaye, mpelekeni apimwe na mwambieni daktari mlikuwa Pwani.

Sina mengi zaidi. Kabla hatujaondoka, ninaomba kila kikundi kiandike majina mawili kwenye karatasi hii: la mweka hazina, na la yule atakayehesabu jaketi. Nitaanza na kikundi kilichokaa mbele.