Komisioneri analeta mnunuzi, hashiki karatasi

(Maneno ya mama mmoja mbele ya mkutano wa wanamemba, Goma)



Sisi tuliokimbia, siku ya kurudi kwetu tunauza mbio mbio. Hapo ndipo tunapotea.

Mimi nilikuwa na nyumba ya mbao Ndosho, nikaamua kurudi Sake. Komisioneri akasema: "Mama, unipe karatasi, wanunuzi wanataka kuiona." Nikamupa ile yenyewe, juu alikuwa kijana wa pale kwetu. Kisha siku kidogo, watu watatu wakakuja kupima kiwanja kimoja. Kumbe wote walishamulipa avansi! Yeye akapotea, mimi nikaitwa, juu jina langu ndilo lilikuwa kwenye karatasi. Niliuza bei ya chini, nikarudisha pesa nisiyoikula. Ile pesa ndiyo ilikuwa mabati yangu ya Sake.

Sisemi komisioneri wote ni wezi. Wanajua nani anatafuta nyumba, sisi hatujui. Lakini kazi yao ni kuleta mtu, basi.

Sasa musikilize.

Moja: mbele ya kumukubali, muulize aliuzia nani, kisha uende umuone yule mtu mwenyewe.

Mbili: umupe fotokopi tu. Kwa sheria ya 1973, udongo ni wa serikali, na haki yako inashuhudiwa na sertifika ya konservateri. Wengi wetu hatuna sertifika. Tuna karatasi moja ndogo. Ikipotea, umebaki na nini?

Tatu: komisioni yake muiandike mbele ya kuanza. Atalipwa kisha wewe kupata pesa yote.

Nne: pesa isipite kwake. Kisha banki kufungwa hapa mwanzo wa 2025, pesa nyingi ilitembea mkononi. Basi ihesabiwe mbele ya majirani, shefu wa nyumba kumi na shefu wa kartie, na wote watie sahihi.

Tano: bwana na bibi wote wakubali. Sheria ya jamaa inaomba vile. Bwana akiuza peke yake, kesho ni kesi.

Munaona kuta za mji zimeandikwa "Kiwanja hakiuzwi"? Wenyewe waliumia mbele yetu.

Ukitaka kuuza, usiende peke yako. Uje utuambie, tutakaa na wewe siku ya kuhesabu pesa. Mimi sikuwa na mtu wa kukaa na mimi.