Wakili na Haki ya Mtalaka: Maisha ya Danial Latifi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa wa Chama)

 

Katika kazi zote za wakili hakuna iliyo nzito kama kazi ya kusimama baina ya mume na mke wanaoachana. Kesi ya shamba huisha kwa kupima mpaka, na kesi ya deni huisha kwa kuhesabu fedha. Lakini kesi ya talaka hata ikiisha haiishi, kwa kuwa watoto wapo, jamaa wa pande mbili wapo, na yule mwanamke aliyetolewa nyumbani yupo, naye ana tumbo lenye kutaka chakula kila siku.

Kwa sababu hiyo imefaa leo yatajwe maisha ya wakili mmoja Mwislamu wa Bara Hindi, jina lake Danial Latifi. Watu wa Bara Hindi si wageni katika miji ya Maziwa Makuu. Wamefanya biashara humo na kuzika wazee wao humo, na yaliyowapata Waislamu wa huko katika mambo ya ndoa yanaweza kuwapata Waislamu wa popote wanapokaa chini ya serikali isiyo ya dini yao.

Danial Latifi alizaliwa mwaka 1917 katika ukoo wa watu wa sheria. Babu yake mzaa mama alikuwa Badruddin Tyabji, ambaye mwaka 1887 alikuwa rais wa mkutano wa Indian National Congress, na baadaye akawa jaji katika Mahkama Kuu ya Bombay. Mjukuu naye alisoma Uingereza akawa wakili. Mwaka 1944 ndiye aliyeandika ilani ya Muslim League ya Punjab. Bara Hindi lilipogawanyika mwaka 1947, maisha yake yaliendelea upande wa India, na huko akawa mtetezi mbele ya Mahkama ya juu kabisa ya nchi.

Wakili akikaa miaka mingi katika kazi hupitiwa na kesi nyingi, lakini kesi moja ndiyo ibebayo jina lake. Kesi iliyobeba jina la Latifi ilikuwa ya bibi mmoja wa mji wa Indore, aitwaye Shah Bano.

Bibi huyo aliolewa mwaka 1932, akazaa watoto watano. Mumewe naye alikuwa wakili, mwenye kujua sheria na mwenye pato. Mwaka 1975, baada ya miaka 43 ya ndoa, bibi alitolewa nyumbani. Mwezi wa Aprili 1978 alikwenda mbele ya hakimu kudai masurufu. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 62. Kesi ikiwa bado inasikizwa, tarehe 6 Novemba 1978, mume akamtaliki talaka isiyo na rejea, akasema: Sasa huyu si mke wangu, mahari yake rupia 3,000 nimeyaweka mahkamani, na eda ikiisha sidaiwi kitu.

Angalieni, jamaa, kiasi cha fedha kilichoshindaniwa. Mwaka 1979 hakimu wa Indore aliamuru bibi alipwe rupia 25 kwa mwezi. Mwaka 1980 Mahkama Kuu ya Madhya Pradesh ikapandisha, ikawa rupia 179 na paisa 20. Kwa fedha hizo chache mume alikata rufani mpaka Mahkama ya juu kabisa, naye bibi asiyekuwa na kitu akasimamiwa huko na Danial Latifi.

Sheria iliyotumika ilikuwa kifungu cha 125 cha kanuni ya mwaka 1973, kilichowekwa ili mtu mwenye uwezo asimwache mkewe, mtoto wake au mzazi wake akiombaomba njiani. Neno mke katika kifungu hicho lilimwingiza hata mtalaka ambaye hajaolewa tena. Basi swali likawa hili: je, Mwislamu akishalipa mahari na masurufu ya eda, sheria ya dini yake inamfungua na wajibu mwingine wote?

Hapo ndipo ilipoonekana kazi ya wakili. Hoja za upande wa bibi hazikuwa za kuitukana Sharia wala kusema kwamba imepitwa na wakati. Hoja iliingia ndani ya Sharia yenyewe. Ilitajwa aya ya 241 ya Sura ya Al-Baqara, inayohusu mut'a, yaani kiliwazo apewacho mwanamke aliyeachwa. Wenye kupinga walijibu kwamba aya hiyo inawasemesha wachaji Mungu, si kila Mwislamu. Majaji hawakukubali jibu hilo. Tarehe 23 Aprili 1985 majaji watano, wakiongozwa na Jaji Mkuu Chandrachud, waliitupa rufani ya mume, wakathibitisha haki ya bibi, na wakaamuru alipwe rupia 10,000 kuwa gharama za kesi.

Lakini hukumu hiyo ilizusha kishindo katika India nzima. Maulamaa wengi walikasirika, na hasira yao haikuwa bila sababu. Waliona majaji wasio Waislamu wakiifasiri Qurani kwa ajili ya Waislamu, kisha wakasikia katika hukumu ile ile maneno ya kutaka sheria moja ya ndoa na mirathi kwa watu wote wa nchi. Maandamano yakafanyika, na wanasiasa wakaingia. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Yule bibi mzee alizungukwa na maneno ya watu, hata mwezi wa Novemba 1985 akatia alama ya kidole gumba katika waraka wa kuikataa hukumu aliyoishinda mwenyewe. Alifariki mwaka 1992.

Mwaka 1986 Bunge la India lilipitisha sheria mpya juu ya wanawake wa Kiislamu walioachwa. Watu wengi waliielewa hivi: mume atatoa masurufu ya eda tu, kisha mzigo utakwenda kwa jamaa za mwanamke, na wakishindwa uende kwa Bodi ya Wakfu.

Wakili mwingine angalisema: Mteja wangu amejitoa, Bunge limekwisha sema, na kazi yangu imekwisha. Danial Latifi hakusema hivyo. Yeye mwenyewe alipeleka mashtaka mbele ya Mahkama ile ile, akidai kwamba sheria mpya inamtenga mtalaka wa Kiislamu na haki ambayo wanawake wengine wa nchi wanayo. Mtu aliyekwisha pita miaka 65 alianza upya, bila mteja wa kumlipa.

Kesi hiyo ilikaa miaka mingi. Latifi alifariki mwaka 2000, hukumu haijatoka. Ilitoka tarehe 28 Septemba 2001, na mpaka leo hukumu hiyo hutajwa kwa jina lake.

Na hukumu ilikuwa ya ajabu. Majaji watano hawakuivunja sheria ya mwaka 1986 kama alivyoomba. Waliisoma tena, neno kwa neno, wakaona kwamba sheria yenyewe inamtaka mume amwekee mtalaka riziki ya haki na ya kutosha ndani ya muda wa eda. Haikusema riziki ya muda wa eda. Tofauti ya maneno haya ni ndogo kwa sikio, lakini kwa tumbo la mwanamke ni kubwa. Maana yake ni kwamba mume ana siku za eda kutimiza wajibu wake, lakini kile anachokitoa katika siku hizo lazima kiangalie maisha ya mwanamke baada ya eda. Latifi alitaka mlango uvunjwe. Mlango haukuvunjwa, lakini ulifunguliwa. Na tarehe 10 Julai 2024 Mahkama hiyo iliamua tena kwamba mtalaka wa Kiislamu aliweza pia kudai kwa kile kifungu cha 125, kama bibi wa Indore alivyodai.

Sasa, jamaa, mtu aweza kuuliza: Hayo ya India yanatuhusu nini? Jibu ni kwamba yanawahusu sana wafuasi wa Imam Shafii, nao ndio wengi katika nchi hizi. Waislamu wa India wengi wao ni Wahanafi, na kwa Wahanafi mut'a katika talaka nyingi ni jambo la kupendeza tu. Lakini katika madhehebu ya Shafii, mwanamke aliyeingiliwa kisha akaachwa bila ya yeye kuwa sababu ya kuachana, mut'a kwake ni wajibu juu ya mume, mbali na mahari yake. Wakikubaliana kiasi, ni sawa. Wakishindana, kadhi hukadiria kwa kuangalia hali yao wawili. Haki ambayo majaji wa India waliifikia kwa taabu ya miaka mingi imeandikwa katika vitabu vinavyosomeshwa misikitini hapa. Je, ni wangapi wanaotoa? Ni wanawake wangapi wanaorudi kwa kaka zao na sanduku moja la nguo, na hakuna aliyewaambia kwamba wana haki?

Basi mafunzo ya maisha ya wakili huyu ni matatu. La kwanza, mahari na yaandikwe siku ya akidi, na talaka na mut'a ziandikwe siku ya kuachana, kwa mashahidi, kwa kuwa maneno ya mdomo husahauliwa na mwenye kudaiwa kabla ya mwenye kudai. La pili, wazee wa Chama wanaposuluhisha wasiangalie amani ya siku ile peke yake, bali waulize: mwanamke huyu atakula nini mwaka ujao? La tatu, vijana wetu wasome sheria ya serikali pamoja na fiqhi. Pakikosekana Mwislamu wa kuieleza Sharia mahkamani, ataieleza asiyeijua.

Rupia 179 na paisa 20 hazikuwa mali. Lakini zilikuwa haki ya mtu dhaifu, na haki ya dhaifu haipimwi kwa wingi wake. Mwenyezi Mungu awape waume hofu ya kuogopa dhuluma, awape makadhi na mawakili ujasiri wa kusema kweli, na awape walioachwa njia njema ya kutokea. Amin.